Tukienda nyumbani Krismasi, tubebe na vitabu vya hadithi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wazazi wenzangu mapema, kabla shule hazijafungwa na kabla nauli hazijapanda. Mimi ni fundi wa nguo mtaa wa Kaptembwa hapa Nakuru. Nashona sare za shule. Kuanzia Novemba hadi Januari wazazi hupita kwangu wakiwa na orodha ya shule mkononi, na mara nyingi hunipa niisome mwenyewe ili nijue rangi na idadi. Sketi mbili za marinda. Kaptura mbili. Sweta. Soksi. Madaftari, kamusi, vitabu vya kiada, vitabu vya marudio, sabuni, karatasi za chooni. Kitabu cha hadithi ni nadra kukiona humo. Na kwa kuwa mzazi mwenye watoto watatu hununua kilichoandikwa na si zaidi, nyumba nyingi humaliza mwaka bila kuingiza mlangoni hata kitabu kimoja ambacho mtu atakisoma kwa sababu tu ni kitamu.

Ninachoomba ni hiki. Krismasi hii, tunapofunga mizigo ya kwenda Vihiga, Kakamega, Busia, Siaya, Kisii na kwingineko, tufunge na kitabu cha hadithi, tena cha Kiswahili, na tukifika tukisome kwa sauti, nyumba nzima isikie. Kiwe sehemu ya Krismasi kama vile nguo mpya na chapati zilivyo sehemu ya Krismasi. Nasema hivi kwa sababu kwetu ndivyo tunavyofanya tangu nikiwa mdogo, na nimeona kinachotokea.

Sitoki katika nyumba ya wasomi. Baba yangu alichuma majani chai Kericho. Kule kambini waliishi Waluhya, Wajaluo, Wakisii na wenyeji Wakipsigis, na lugha ya kuelewana ilikuwa Kiswahili. Desemba alirudi nyumbani Vihiga na sukari, mikate, kitambaa cha mama, na bunda la magazeti ya Kiswahili aliyowekewa na karani wa kupima majani. Yalikuwa magazeti ya miezi iliyopita, mengine yamekunjwa hadi yakaanza kukatika kwenye mikunjo. Nyanya hakujua kusoma. Baba alikaa chini ya koroboi akamsomea habari za Aprili mwezi wa Desemba, na hakuna aliyesema zimechacha. Nyanya aliuliza maswali kana kwamba mambo yametokea jana: yule mbunge aliishia wapi, ile kesi iliamuliwaje, mvua ile iliyobomoa daraja iliacha watu wangapi bila makao. Kama jibu halikuwa gazetini, baba alilitafuta katika gazeti jingine, nasi watoto tukalala chali tukisikiliza kurasa zikifunguliwa.

Habari zikiisha yalikuja mashairi. Baba hakuyasoma, aliyaimba, kwa sauti aliyojifunza kutoka kwa mchumaji mwenzake. Sikuelewa nusu ya maneno. Lakini vina nilivijua kwa masikio kabla sijafika darasa la kufundishwa vina, na mwalimu alipokuja kutueleza habari ya ukwapi na utao, vile vipande viwili vya mshororo, mizani na kibwagizo, mimi nilikuwa namsikia baba.

Kisha baba akachoka na kunipa gazeti mimi. Nadhani nilikuwa darasa la nne. Nilisoma kwa kusuasua, na katikati ya hadithi mama akaniita nikachote maji. Nyanya akakataa. Akasema mtoto anayesoma asitumwe. Mama aliipenda hukumu ile akaigeuza kuwa sheria ya nyumba, na mpaka leo yeye ndiye anayeilinda: anayesoma hatumwi. Baadaye akaongeza ya pili, kwamba anayemcheka msomaji ndiye atakayechota maji.

Wazazi wenye watoto wasiopenda kusoma, ijaribuni sheria hiyo kabla hamjajaribu kiboko. Kwetu tarehe 24 Desemba alasiri, watoto wametumwa tangu alfajiri: chemchemini, dukani, kwa jirani kuazima sinia, shambani kuchuma kunde. Jikoni kwa mama mafiga yanawaka. Dada yangu anakanda unga, mke wa kaka anasukuma, mimi nageuza chapati. Kigoda cha msomaji huwekwa mlangoni, mahali penye mwanga na pasipofika moshi. Mtoto yeyote akikikalia kigoda kile akiwa na kitabu mkononi, hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kumwinua. Utawaona wakigombania zamu. Binti wa kaka yangu, ambaye ripoti yake ya shule ilisema hasomi kwa ufasaha, alikaa pale Krismasi moja tangu saa tisa mpaka giza likaingia. Alikuwa akisoma kwa silabi, akirudi nyuma, akiruka maneno magumu, na sisi tukimkumbusha kwa upole. Hakuwa amependa kitabu. Alikuwa amechoka kwenda chemchemini. Lakini siku iliyofuata, hakuna kazi yoyote iliyobaki, alikuja kuniuliza kitabu kiko wapi.

Kitabu chenyewe kilikuwa *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert. Nilikinunua kwa muuza vitabu kuukuu wa kando ya barabara hapa mjini, na leo kina alama za vidole vyenye mafuta na unga uliokauka kwenye mshono. Watu huniambia Shaaban Robert ni mgumu kwa watoto. Si kweli akisomwa kwa sauti. Mwanzoni tu Mfalme Rai anapata habari kwamba Adili, mtawala wa Janibu, mtu anayesifika kwa wema, kila usiku huwapiga manyani wawili. Mtoto gani atasikia hivyo akaondoka? Wetu walianza kuuliza: manyani wamefanya nini? Mbona mtu mwema anapiga? Wakikisia kila aina ya jambo. Wakati siri ilipofunuka, kwamba manyani ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, ambao kwa wivu walimtupa baharini, na jini Huria ndiye aliyewageuza na kumwamuru awapige kila usiku, hata mke wa kaka aliacha kusukuma.

Ubishi uliofuata ulichukua jioni nzima. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa amesimama nje ya dirisha akijifanya hasikilizi, akasema manyani wamepata haki yao. Mtoto mmoja akasema wamekosa, lakini si kila siku. Mwingine akauliza kwa nini Adili hakumkatalia jini. Mama akanyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Mtu ameshakuwa nyani, utampiga mpaka lini?" Niwaeleze kwamba mwaka ule kaka zangu wawili hawakuwa wakisemezana kwa ajili ya mpaka wa shamba, na wote walikuwa wakisikia. Sitadai kitabu kiliwapatanisha. Mzee wa kijiji alikuja baadaye akaweka mpaka, mambo yakatulia kwa njia zake. Ninachojua ni kwamba hakuna mtu katika nyumba ile angethubutu kulitaja jambo hilo mbele ya watoto siku ya Krismasi, na kitabu kililiweka katikati ya jiko, kila mtu akasema lake bila kumtaja ndugu yake.

Hiyo ndiyo faida ambayo sioni ikitajwa tunapohimizwa kusoma. Tunaambiwa mtoto asome apate alama, asome apate kazi. Ni sawa. Lakini kitabu kinachosomwa kwa sauti huwapa watu wa nyumba moja jambo la kuzungumza ambalo si nauli, si ugonjwa, si karo.

Na watu wazima nao wanakihitaji. Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtu wa Kitale. Huyu tangu amalize kidato cha nne hakuwa amegusa riwaya, na sababu yake aliieleza waziwazi: kila akifungua kitabu cha Kiswahili husikia sauti ikimwambia "Eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne." Namwelewa. Vitabu vya kutahiniwa tumewalisha vijana kama dawa, kijiko asubuhi kijiko jioni, mpaka wanapopona mtihani hawataki tena kuona chupa. Krismasi moja tulikuwa tukisoma *Siku Njema*, riwaya ya 1996 ya marehemu Ken Walibora, aliyekulia pande za Cherangani na kufariki Aprili 2020. Shemeji alikuwa nje na wanaume, kwenye nyama. Kijana Kongowea alipofunga safari kutoka Tanga kumtafuta baba yake, na jina la Kitale likatajwa, shemeji aliingia jikoni na kisu mkononi. "Kitale ipi?" akauliza. Kitale yenu, tukamwambia. Akavuta kiti. Kuanzia hapo alikuwa akimsahihisha msomaji kila mara, akieleza barabara inavyopinda na baridi ya huko ilivyo asubuhi, na alipoondoka aliondoka na kitabu changu. Sijakidai. Nilinunua kingine.

Nadhani watu wengi wa huku kwetu magharibi hawajui kwamba wamo vitabuni. Wanadhani Kiswahili kilichoandikwa ni cha Pwani na Zanzibar, na sisi ni wageni tuliokikuta shuleni. Mtu akikuta mji wake ndani ya riwaya, hadithi huacha kuwa ya watu wengine.

Kuhusu lugha nina jambo la kuongeza, kwa kuwa kuna wazazi wanaonieleza kwamba afadhali mtoto asome Kiingereza ndicho chenye faida. Asome Kiingereza, shule inampa kila siku. Lakini Desemba nyumbani kwetu kuna baba na mama wanaozungumza Kilogooli, lugha yetu Wamaragoli, kuna mke wa binamu ambaye ni Mjaluo wa Ahero, kuna watoto wa Nakuru na Nairobi ambao Sheng imewajaa mdomoni na Kilogooli chao ni cha salamu tu. Lugha inayowakalisha wote kwenye mkeka mmoja ni Kiswahili. Nyanya wa watoto hawa hatasikia hadithi ya Kiingereza, na wao hawatamaliza hadithi ya Kilogooli. Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza 2021, na huwa kuna hotuba nzuri sana mijini. Mimi naiona siku ya Kiswahili ikiwa pale jikoni, mtoto wa Nakuru anapomuuliza bibi yake maana ya neno "husuda" na bibi akamjibu kwa mfano wa jirani, hadi ikabidi tumnyamazishe.

Sasa nije kwa yale ninayoambiwa kila ninapoleta habari hii dukani.

La kwanza ni tuisheni. Wako wazazi wanaotafuta mwalimu wa kuwafundisha watoto Desemba nzima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo, na anayeivunja anaweza kutozwa faini au kufungwa. Tuache basi kuitafuta kwa mlango wa nyuma. Mtoto aliyesoma kitabu kimoja cha hadithi hadi mwisho, na akakisimulia kwa binamu zake, amefanya kazi ya lugha ambayo hakuna karatasi ya maswali itamfanyisha. Na amepumzika.

La pili ni simu. Sina ugomvi na simu. Mpwa wangu mmoja husomea vitabu kwenye simu na husoma kunizidi. Ila simu humchukua mtu mmoja na kumpeleka peke yake, na Krismasi ni siku chache tulizo nazo za kuwa pamoja. Wakati wa kusoma, kwetu simu huwekwa ndani ya sufuria moja juu ya kabati la mama, za wakubwa na za wadogo. Za wakubwa ndizo huleta matata.

La tatu ni pesa, na hapa wazazi wana haki. Tangu Sheria ya VAT ya 2013, vitabu vinatozwa ushuru wa asilimia 16. Kitabu cha shilingi 500 kinakuwa cha shilingi 580. Hizo 80 ni nauli ya mtu, ni unga wa jioni. Mzazi anayehesabu hivyo mbele ya rafu ya vitabu hastahili kulaumiwa, na wabunge wetu wa Nakuru, Kisumu na magharibi wanapaswa kuulizwa kuhusu jambo hili wanapokuja kutugawia zawadi za Krismasi. Badala ya kofia na leso zenye picha zao, waende bungeni waondoe ushuru huo. Nasema kwa dhati. Nchi inayotaka watoto wasome haiwezi kutoza ushuru kitabu cha hadithi kana kwamba ni kitu cha anasa.

Hadi hapo, kuna njia. Wauza vitabu kuukuu wapo Nakuru na Kisumu, na mtu mwenye subira ya kuchakura hupata cha shilingi 100 au hata chini ya hapo. Mimi huanza kununua Agosti, kimoja kimoja, nikiviweka juu ya kabati la vitambaa. Huangalia mambo mawili tu: kurasa zimetimia, na herufi ni kubwa za kutosha kusomeka jioni. Tena ndugu mnaweza kuchanga. Kwetu kila nyumba huleta kitabu kimoja, na ikifika Januari tunabadilishana. Kile kilichokuja na watoto wa Nairobi huondoka na watoto wa Kisumu. Hivyo kila mtoto anasoma vingi kwa bei ya kimoja.

Kuvibeba nako kuna ufundi wake. Mizigo ya Desemba hutupwa juu ya matatu, na ukipita Kericho mvua inaweza kukukuta hata kama Nakuru uliacha jua. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017. Ndiyo maana nilianza kushona mifuko ya vitabu kutokana na mabaki ya sare: kijani, maruni, buluu, kitambaa kizito chenye bitana ndani na kamba ya kufunga mdomoni. Kila mtoto wa ukoo ana wake, umeshonwa kwa rangi ya shule ambayo si yake, ili asije akaupeleka shuleni. Mfuko hukaa mapajani, hauendi juu ya gari. Na safari ya kutoka Nakuru kupitia Kericho na Kisumu, ukihesabu msongamano wa wiki ile, inatosha kwa mtoto kumaliza nusu ya kitabu kabla hajaona Kiboswa.

Nimesoma kwamba kule Iceland watu hupeana vitabu mkesha wa Krismasi, kisha huketi kuvisoma usiku huohuo. Desturi hiyo ilishika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, bidhaa nyingi kutoka nje zilipokuwa zimebanwa lakini karatasi ikipatikana, kwa hiyo kitabu kikawa ndicho zawadi inayowezekana. Sisemi tuwaige. Desemba yao ni giza na theluji, yetu ni kiangazi, mahindi yameanikwa uani na watu wanatembeleana mpaka usiku. Tarehe 26 Wamaragoli tunakusanyika Mbale kwa tamasha letu la utamaduni, na hakuna atakayebaki nyumbani na kitabu siku hiyo, hata mimi. Jambo lililonivutia kwao ni jingine: tangu 1944 kuna orodha ya vitabu vipya vya mwaka ambayo hutolewa kabla ya Krismasi, na kwa miaka mingi ilifika kila nyumba. Mzazi hahitaji kukisia. Anaona kilichopo, anachagua.

Hapo ndipo ombi langu kwako, Mhariri. Novemba inapoanza, tuchapishie orodha kama hiyo. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili vilivyotoka mwaka huu na vile vya zamani vinavyopatikana bado, cha mtoto wa gredi ya pili na cha mtu mzima, bei yake, na mistari miwili ya kueleza kinahusu nini. Wazazi wanaokuja kwangu wanajua majina ya vitabu vya marudio vyote, kwa sababu vinatangazwa. Majina ya vitabu vya hadithi hawayajui. Na wiki ile ya Krismasi, utupe hadithi fupi nzima katika toleo moja, si vipande vya kuendelea wiki ijayo, kwa sababu kijijini hatupati gazeti kila siku. Weka na mashairi yenye vina vya kuimbika. Tena herufi ziwe kubwa kidogo. Baba yangu sasa macho yamepungua, lakini gazeti bado analishika mwenyewe.

Kwa serikali za kaunti nina neno pia. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Huduma ya Maktaba ya Taifa iliundwa kwa sheria ya 1965, na kwa miaka mingi ilikuwa na matawi Nakuru, Kisumu na Kakamega. Mimi mwenyewe nimenufaika. Lakini Desemba mtoto hayuko mjini. Yuko Sabatia, yuko Luanda, yuko Emuhaya, na maktaba iko mbali naye. Garissa tangu 1996 vitabu vimepelekwa kwa ngamia hadi kwa watoto wa wafugaji. Kaunti zetu hazihitaji ngamia. Zina magari. Zipeleke vitabu sokoni siku za soko kuanzia katikati ya Desemba, Luanda na Mbale na Chavakali, watu wakiwa wamejaa na watoto wameandamana na bibi zao. Na kwa wale walio mjini, mtoto mwenye kadi aruhusiwe kuazima vitabu vingi zaidi likizo ndefu, avirudishe shule zikifunguliwa. Mwenye kupoteza alipe. Tumeaminiwa kwa mambo makubwa kuliko hayo.

Niseme kidogo kuhusu mtu mzima anayependa kusoma peke yake, maana naye ana Krismasi yake. Wageni wakishaondoka, kati ya tarehe 27 na mwaka mpya, mimi huvuta mkeka chini ya mparachichi na kusoma kitabu nilichokwisha kukisoma zamani. Kila Desemba narudia kimoja. Wengine huona ni kupoteza muda, vitabu vingi hivi bado hujavisoma. Mimi naona kitabu kizuri hakisomwi mara moja. Nilipokuwa msichana nilisoma riwaya za ndoa nikiwa upande wa binti anayeozwa. Sasa nazisoma nikiwa upande wa mama yake, na kuna mazungumzo yale yale ambayo zamani niliyaruka ambayo leo hunifanya niweke kitabu chini kwanza. Wanawake wenzangu, tuchukue hiyo saa. Tumepika tangu tarehe 22. Vyombo vitaoshwa na vijana, nao wana nguvu. Mama yangu akiniona na kitabu huwa anatangaza sheria yake kwa sauti kubwa, uani kote, kwamba anayesoma hatumwi, na mimi mtu mzima mwenye watoto bado ninalindwa nayo.

Mwaka uliobaki husomwa kwa vipande. Stima inapopotea cherehani ya umeme inasimama, nami nasoma mpaka irudi. Siku za kazi nyingi, msaidizi wangu akiwa anatia vifungo na mimi napinda pindo kwa mkono, mtoto wake hutusomea baada ya shule. Wateja wengine huketi kusikiliza hata baada ya nguo zao kuwa tayari. Mwanamume mmoja aliyekuja kuchukua kaptura za wanawe alikaa hadi sura ikaisha, kisha akauliza kesho tunaanza saa ngapi. Kwa hiyo sikubali maneno kwamba Wakenya hawapendi vitabu. Wengi hawajasomewa tangu wawe watoto, na wengine hawakusomewa kabisa.

Nitafunga duka tarehe 22 Desemba na kufungua wiki ya kwanza ya Januari. Mzazi yeyote wa Kaptembwa au Kwa Rhonda jirani, akinunua kitabu cha hadithi, aje nacho kabla ya siku hiyo nipime urefu na upana wake. Nitamshonea mfuko kwa mabaki niliyo nayo, bila malipo. Kwa wale wenye watoto wengi naomba waje mapema zaidi, kwa sababu kitambaa cha maruni huisha haraka.

Msomaji wako,
Fundi wa nguo,
Kaptembwa, Nakuru